Nimemfufua Bibi wa Kwenye Chombo, na Ijumaa Mama Mkwe Anafunguliwa Macho

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako na naomba uniwahishe, maana Alhamisi mama mkwe wangu anapasuliwa jicho la kulia, Ijumaa asubuhi anafunguliwa bandeji, na Jumapili saa kumi alasiri ataketi mbele ya televisheni na macho yake mwenyewe na kugundua kwamba mkwe wake ni mwongo aliyekubuhu. Usinicheke kabla hujafika mwisho. Ukifika mwisho cheka, najua utacheka, hata mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi ni mshona makochi. Nina karakana nyuma ya duka la rangi, na kazi yangu, kwa asiyeijua, ni kufungua kochi lililochoka, kutoa sponji iliyolala na mbao iliyooza, kuweka nzima, kisha kufunga kwa kitambaa kizuri na mshono usionekane. Mteja hataki kuona kilichotoka ndani, yeye anataka akikaa pasimchome. Nayasema haya mapema kwa sababu mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza.

Mama mkwe alihamia kwetu mwaka jana, mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili akawa anaona mwanga na vivuli tu, akimwona mtu mlangoni hajui ni mwanawe au ni koti limetundikwa. Ni mtu wa maneno machache, alikaa miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu wa kampuni moja ya meli akiunganisha simu za wakubwa na simu za ng'ambo, na mpaka leo ukiongea naye anainamisha kichwa upande wa kushoto kana kwamba bado amebana kipokeo begani. Miezi minne ya kwanza, mshauri, nyumba ilikuwa baridi. Mimi "shikamoo mama," yeye "marahaba," basi, mazungumzo ya siku yamekwisha hayo, na akitaka kunitaja kwa mume wangu ananiita "mwenzetu," yaani "mwenzetu ameshatoka?" au "mwenzetu ameweka wapi fimbo yangu?" Mtu unaosha naye vyombo kila siku halafu ni mwenzetu!

Ndipo ikaanza ile tamthilia ya Jumapili, Mbali na Jua, sijui kama unaitazama, ni ya watu elfu mbili ambao dunia yao imekauka, wamepanda chombo kikubwa wanatafuta sayari nyingine ya kuishi, nahodha ni mwanamke mkali asiyecheka, na mama yake mzazi yumo humo humo, kikongwe mmoja mtulivu anayetunza ghala la mbegu, wanamwita Bibi Mbegu, halafu kuna fundi wa mitambo, mgane mwenye masharubu, na roboti mmoja mkubwa kama kabati anayeogopa giza. Mimi kwenye tamthilia sijiwezi. Nagombana na televisheni, napiga mito ngumi, naahidi sitaitazama tena na Jumapili ifuatayo saa kumi kasoro robo nimeshaosha miguu nimekaa. Sasa siku ya kwanza nikiwa napiga kelele zangu, mama akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Wanasemaje hao?" maana wanaongea Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia tena. Sehemu ya pili akavuta kiti chake karibu na changu. Sehemu ya nne nahodha aliacha mlango wa ghala wazi, na nje kuna mdudu mmoja mwenye mikono saba ananusa, nikapiga ukelele, "Funga mlango wewe!" na mama naye akapiga fimbo sakafuni, "Funga!" Tukatazamana, yaani mimi nikamtazama, tukacheka kama wendawazimu wawili. Kesho yake asubuhi akaniita mwanangu.

Basi ikaja sehemu ya saba, ambayo nikiikumbuka mpaka sasa damu inachemka. Hewa ya kwenye chombo ilikuwa inapungua, wakuu wakakaa kikao, wakasema wote waliozidi miaka sabini watolewe kupitia mlango mdogo, watupwe nje huko kwenye giza, ili waliobaki wapumue. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Zikalingana. Imebaki ya nahodha. Mshauri, yule mwanamke alimtazama mama yake mzazi, akanyoosha mkono! Mama yake hakulia wala nini, alimkabidhi funguo za ghala, akaweka kitambaa chake vizuri kichwani, akaingia mwenyewe kwenye mlango mdogo. Nikageuka kumtazama mama, anajifuta macho, nikajua ni ile dawa ya matone aliyopewa kliniki, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wamefanyaje sasa?" na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Wamemlaza, mama. Wamemweka kwenye kisanduku cha usingizi apumue kidogo kidogo. Nahodha amekataa kunyoosha mkono." Mama akanishika mkono, akasema, "Haya. Alale salama. Lakini wasimsahau humo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuacha, lakini ukishafungua kochi huwezi kuliacha wazi. Sehemu ya nane nikamwamsha Bibi Mbegu kwa sababu mama alimwulizia mara tano. Sehemu ya tisa nikampa unaibu nahodha. Sehemu ya kumi nilichelewa, nilikuwa napeleka kochi la mteja ghorofani, nikarudi imeshafika katikati, nikamuuliza mama wamefika wapi, akasema, "Kaa, mwanangu, utanieleza wewe." Halafu akaanza kuagiza! "Huyu fundi wa masharubu mbona leo hajamsalimia Bibi?" Nikamfanya amsalimie. "Mbona anamsalimia kwa mbali?" Nikamsogeza. Kufika sehemu ya kumi na tatu nikalazimika kuwafungisha ndoa, na sehemu hiyo bwana ilikuwa ya vita, chombo kinakatika vipande viwili, mabomu, moshi, watu wanakimbia wanapiga mayowe, mama anauliza, "Milio yote hiyo ni ya nini?" Fataki za harusi, mama. "Na hao wanaopiga kelele?" Vigelegele, mama. Akacheka mpaka akapaliwa nikampa maji. Na huyo bwana harusi wangu, ndiye aliyekuwa analipuka dakika ile ile.

Ningeweza kulivumilia hilo ndani ya kuta zetu, lakini mama ana kliniki ya macho kila Jumanne, na pale kwenye benchi la wagonjwa amekuwa msimulizi, akinamama wenzake wanamwekea nafasi ili awape habari za Bibi Mbegu. Wiki iliyopita mwanamke mmoja aliyemsindikiza mumewe akamkatiza mbele ya watu, "Mama, yule bibi si alishatupwa nje sehemu ya saba?" Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mama akainamisha kichwa kushoto akamjibu taratibu, "Labda kwenye televisheni yenu. Kwenye ya kwetu yupo." Benchi zima likacheka, mimi nikajifanya natafuta kadi yake kwenye mkoba, jinsi alivyonitetea bila kujua ndivyo nilivyozidi kuumia.

Sasa daktari amesema jicho litaona vizuri, na mama ameshanitangazia kwamba sehemu ya mwisho Jumapili hii ataitazama mwenyewe, "wewe upumzishe koo." Nimewaza kuficha rimoti, nimewaza kuchomoa waya wa antena niseme ni panya, nimewaza kumwambia wamebadilisha waigizaji. Mume wangu ni fundi wa lifti, kazi yake ni kuwatoa watu waliokwama kati ya ghorofa, lakini mimi nilipomwambia nimekwama alicheka, akasema, "Yenu hayo," akaenda zake kuoga.

Lipo na jambo jingine dogo, sijui hata kama lina uhusiano. Kabla tamthilia haijaanza nilimwambia mume wangu jikoni kwamba nyumba haitoshi, mama analala sebuleni nyuma ya pazia na hiyo si heshima, afadhali aende kwa wifi yangu mwenye vyumba vitatu. Nilisema kwa sauti ya chini na mlango nilifunga. Hakuna aliyelitaja tena. Ila siku nahodha aliponyoosha ule mkono, mshauri, niliuona kama mkono wangu.

Sitaki mama aseme nilimchezea shere kwa sababu haoni. Sitaki kurudi kuitwa mwenzetu. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mshona Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Mshona Makochi, barua yako umeileta kwa mkono mpaka mapokezi na mlinzi anasema ulikuwa na misumari mdomoni, kwa hiyo nimeirusha mbele ya barua nyingine zote zilizokutangulia. Wenye barua hizo wanisamehe. Ndoa zenu zitasubiri, jicho la mama mkwe wa huyu ni Alhamisi.

Nimecheka, kama ulivyotabiri. Nikafika kwenye bwana harusi nikashindwa kuendelea, nikaweka kalamu chini. Na nikwambie siri, mimi mwenyewe sehemu ya saba niliitazama, na yule nahodha aliponyoosha mkono niliirushia televisheni kandambili, na haikuwa televisheni yangu. Kwa hiyo usidhani unaandikiana na mtu asiyejua uchungu wako.

Sasa nikugombeze. Dada yangu, wewe una macho mawili mazima na katika nyumba hiyo ndiwe kipofu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe itabidi uambiwe, tena kwa kuoneshwa kidole.

Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mama mkwe wako alikaa miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu wa kampuni ya meli, akiunganisha simu za ng'ambo. Nakuuliza, hao watu wa ng'ambo walikuwa wanaongea naye lugha gani? Walikuwa wanapiga miluzi? Mama huyo alikuwa anasikia Kiingereza kabla wewe hujajua kushika sindano, cha Wagiriki, cha Wahindi, cha manahodha walevi waliopotelewa na mizigo. Siku ya kwanza alikuuliza, "Wanasemaje hao?" Hakukwambia kwamba haelewi. Alikuwa ameishi miezi minne na mtu asiyemwambia kitu zaidi ya shikamoo, akapata upenyo wa kuongea naye, akautumia. Wewe ukadhani unamfanyia tafsiri.

Twende mbele. Sehemu ya saba alikuwa anajifuta macho kabla hujafungua mdomo, na wewe ukasingizia dawa ya matone. Sehemu ya kumi alikaa peke yake nusu nzima, ukamuuliza wamefika wapi, akakwambia utamweleza wewe. Sehemu ya kumi na tatu watu wanaungua wanaomba msaada kwa Kiingereza safi, mkwe wake anamwambia ni vigelegele, angeacha kupaliwa? Na kliniki aliulizwa mbele ya benchi zima, akajibu kwamba kwenye televisheni ya kwenu Bibi yupo. Ukasema anakutetea bila kujua! Alikuwa anajua zaidi ya wote waliokaa pale, pamoja na wewe uliyekuwa unafukua mkoba.

Kwa hiyo huyo aliyechezewa shere ni wewe. Wiki saba mama mkwe wako amekuwa anaangalia tamthilia mbili kwa wakati mmoja, moja kwa sikio la kushoto na moja kwa sikio la kulia, na ya kwako ndiyo aliyokuwa anaingoja. Akakuagizia mpaka bwana harusi. Laiti ungekuwa na sehemu ishirini zaidi, angekuagizia wajukuu.

Sasa tuje kwenye hilo jambo lako dogo, ambalo umeliweka mwisho wa barua na kusema hujui kama lina uhusiano. Mficha uchi hazai, na wewe ulitaka kuzaa huku umejifunika. Ulisema jikoni, kwa sauti ya chini, umefunga mlango, kwamba mama aende kwa wifi. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikia kwenye waya mbovu uliovuka bahari, umtenge na mlango wa jikoni? Alisikia. Alijua kwamba humo ndani kuna kura inapigwa juu yake, na wewe umeshanyoosha mkono. Halafu wiki chache baadaye ameketi kwenye kiti chake, anasikia kwa lugha anayoielewa vizuri jinsi mama mzee anavyotolewa kwa mlango mdogo na mtoto wake mwenyewe. Machozi yanamtoka. Anakugeukia wewe, mkwe wake, anakuuliza wamefanyaje. Nadhani hapo hakuwa anauliza habari za chombo.

Nawe ukamjibu kwamba nahodha amekataa. Ndiyo maana akakushika mkono. Akakwambia wasimsahau humo, na wewe ukakimbilia kutunga harusi.

Basi sikiliza, na usinitafutie njia ya mkato. Rimoti iache ilipo. Waya wa antena usiuguse, wala panya usimsingizie, hajakukosea kitu. Njia ya mwongo ni fupi na wewe umefika ukutani, umelikoroga na utalinywa, ila nakuhakikishia kwamba halina uchungu kama unavyodhani.

Leo ni Jumatano. Nimeambiwa na mlinzi huyo huyo, ambaye mliongea kwa kirefu kuliko inavyopendeza, kwamba ukurasa huu huwa unamsomea mama kila wiki. Sijui kama huwa unausoma ulivyo au nao unautoa sponji na kuuweka nyingine, na nina mashaka na baadhi ya ushauri wangu uliofika nyumba hiyo. Jioni ya leo keti karibu yake umsomee barua yako na jibu langu, neno kwa neno, pamoja na pale jikoni. Hasa pale jikoni. Ukifika hapo sauti yako itakwama, mwache mama akungoje, amezoea laini mbaya. Kisha umwombe radhi kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa Bibi Mbegu.

Kesho funga karakana, nenda naye hospitali wewe mwenyewe. Mumeo mwenye kucheka na kwenda kuoga mwachie nyumba, apige deki. Kuhusu chumba kutotosha, wewe ni mshona makochi, dada yangu. Mtu wa kazi yako anajua kutengeneza kiti cha mchana kinachokuwa kitanda usiku, na ukuta wa mbao unaosimama mahali pa pazia, na ulikuwa unajua siku zote. Nyumba ilikosa nia, nafasi ilikuwapo. Anza Jumamosi, mama akiwa anaona ili achague kitambaa mwenyewe.

Jumapili saa kumi mketi pale pale. Ataona chombo kilivyo, ataona ghala la mbegu halina mtu. Usiseme neno. Mwulize wewe safari hii, "Wanasemaje hao, mama?" kisha unyamaze usikilize atakachokwambia.

Na wewe mama, shikamoo. Kama mwanao amekusomea mpaka hapa bila kuruka, mshike mkono tena kama siku ile ya sehemu ya saba. Na kama ameruka mahali, nakuomba ulitunze gazeti hili chini ya mto, Ijumaa utalisoma mwenyewe.